Moshi na Arusha: Tunaotaka kuongea Kiingereza, tuanzie kwenye mambo tunayofanya siku ya mapumziko

Kijana wa Rau

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani, nyumbani ni Moshi. Naandika hili sasa hivi kwa sababu masika inakaribia, wageni watapungua, na vijana wengi wa kazi hii watakuwa mtaani wanasubiri msimu urudi. Huo muda tukiutumia vizuri utatusaidia.

Nilichokiona ni hiki. Wengi wetu tunacho Kiingereza cha kazini. Kijana anamweleza mgeni umuhimu wa kunywa maji, dalili za kuzidiwa na kimo, kesho tunaondoka saa ngapi, tunatembea masaa mangapi, na anaeleza vizuri kabisa maana ameyasema hayo kila safari. Kasheshe inaanza jioni. Watu wameshakula, wamekaa kwenye hema la chakula, mgeni anauliza kwa upole tu: ukiwa hauko mlimani huwa unafanya nini? Jibu linatoka: "I like football." Basi. Mgeni anasubiri, hakuna kinachofuata, anarudi kwenye chai yake. Na kijana huyo huyo mtaani kwao Majengo ndiye msimuliaji kuliko wote. Akianza habari za mechi ya Jumapili watu wanasahau hata kwenda kulala.

Swali hilo liko pia kwenye intavyuu za hoteli na kampuni za utalii. Ukishajibu ya vyeti na uzoefu, wanakuuliza unapenda nini nje ya kazi. Msaili anajua majibu ya kazi yanakaririka. Hapa anataka kusikia ukiongea mwenyewe.

Naamini chanzo ni namna tulivyokipata Kiingereza. Shule ya msingi umesoma kwa Kiswahili, umefika kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Ukanakili notisi za baiolojia, ukakariri, ukafaulu. Mtu anamaliza kidato cha nne anaweza kuandika jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake, lakini hajawahi hata siku moja kumsimulia mtu kwa Kiingereza Jumamosi yake ilikuwaje. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa kwetu hapa tuko kikundi, wapo waongozaji, wagumu (wabeba mizigo wa mlimani), wadada wawili wa mapokezi, na fundi pikipiki mmoja ambaye anataka tu kujua. Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, watu wameshatoka kanisani na wameshakula. Mmoja anasimulia alichofanya jana yake. Masharti ni kwamba kila anayesikiliza lazima aulize swali linalotokana na kile kilichosemwa. Ukisema ulienda soko la Mbuyuni, utaulizwa: kununua nini? Na nani? Mlielewana bei? Ulikuta nani huko? Kwa nini usingeenda Kiboriloni? Yule aliyekuja na sentensi mbili anajikuta ameongea robo saa, kwa sababu ni maisha yake mwenyewe, majibu anayo.

Wakati mtu anaongea, hakuna kumkatiza kumsahihisha. Hili tunalisimamia kwa nguvu zote. Masahihisho ni baadaye, na ni ya aina moja tu kwa siku. Kama leo ni wakati uliopita, basi tunaangalia hilo peke yake: umesema "I have gone yesterday", inatakiwa "I went yesterday". Mengine yote tunayaacha yapite hata kama yanakera masikio. Mtu akitajiwa makosa yake yote kwa mpigo, Jumapili ijayo hatumwoni.

Halafu usiku kila mtu anaandika kwenye daftari kile alichokisimulia, mistari michache tu. Kuandika baada ya kusema ni rahisi zaidi, maana sentensi zimeshapita mdomoni. Tunabadilishana madaftari, tunasahihishana kwa penseli.

Naomba wenye uzoefu wachangie, hasa wa Arusha. Na kama kuna mwalimu humu atusaidie.

Mjukuu wa Kimandolu

Mkuu nakuheshimu, lakini hili la Kiingereza linaniuma. Tuna lugha yetu. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wameipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, UNESCO wakatangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na hapa Arusha ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Halafu Jumapili, siku ya kupumzika na familia, tukae kujifunza lugha ya mkoloni? Mjerumani anakuja hapa na Kiingereza kibovu kabisa, hakuna anayemcheka. Mtanzania akikosea "is" na "are" anaonekana hana akili. Hiyo kasumba ndiyo ya kupigwa vita kwanza.

Kijana wa Rau

Kaka, la kasumba niko na wewe moja kwa moja. Kukosea Kiingereza hakumpunguzii mtu akili, na kwenye kikundi chetu anayemcheka mwenzake anaombwa aende nyumbani. Tumeshafanya hivyo.

Ila angalia kwa upande wa huyu kijana wa kwetu. Mgeni ametoka mbali, amelipa, anataka kumjua mtu anayemwongoza. Kijana ana mengi ya kusema kuhusu baba yake, kahawa yao, timu yake, kwaya yake. Akiyafungia ndani kwa kukosa lugha, anayehadithia habari zetu anakuwa mwingine. Mimi nataka tuzihadithie wenyewe. Na Kiswahili tunawafundisha wageni vile vile, njiani mpaka kambi ya Horombo pale mita 3,720 mgeni anaondoka na salamu zote na kuhesabu mpaka ishirini.

Dereva wa Sakina

Naunga mkono uzi. Mimi ni dereva wa safari, Arusha mpaka Serengeti ni mwendo wa kutwa, na wageni wakishuka unabaki na gari tupu kurudi. Huo ndio muda wangu wa darasa.

Nachofanya: BBC wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, jina linajieleza, dakika sita. Napakua nikiwa na bando au wifi ya hotelini. Mara ya kwanza nasikiliza tu. Mara ya pili natamka nyuma yao, neno kwa neno, naiga mpaka pale wanapopandisha na kushusha sauti. Maandishi ya kipindi kizima yapo bure kwenye tovuti yao, kwa hiyo jioni kambini naangalia yale maneno niliyoyasikia vibaya. Vipindi vingi ni vya mambo ya kawaida: chakula, usingizi, muziki, michezo. Yanaingia vizuri kwenye maongezi.

Kingine ni rekoda ya simu. Jirekodi ukielezea mechi uliyoangalia kibanda umiza, sikiliza, halafu elezea tena mechi ile ile. Mara ya pili maneno yanakuja yenyewe. Wengi wanarukia mada mpya kila siku na hawapati hiyo faida ya kurudia.

Halafu wakuu, tusijifunze maneno makubwa. Mgeni akikuuliza ulipumzikaje anataka kusikia "I slept late and helped my wife in the garden". Hiyo imetosha kabisa, itazaa maswali kumi.

Mama Wawili Kijenge

Habari zenu. Nasoma hapa naona wote mnaoongea ni wanaume wenye Jumapili. Mimi Jumapili yangu ni kufua, kupiga pasi sare za watoto, kupika, na kuandaa mzigo wa Jumatatu. Muda wa kukaa saa kumi jioni na daftari sina. Nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni, na nilishakosa nafasi ya kupanda kwenda mapokezi kwa sababu ya lugha. Hapo kazini kuna mtu alinicheka mbele za wageni, tangu siku hiyo mdomo umefunga. Watoto wangu wako ingilishi midiamu, wanaongea kama maji, mimi nawasikiliza tu. Mtu wa aina yangu anaanzia wapi?

Mwl. Mstaafu Tengeru

Mama Wawili, pole sana kwa lililokukuta. Aliyekucheka alikukosea, na hilo halihusiani na uwezo wako.

Nimefundisha Kiingereza sekondari maisha yangu yote ya kazi, nakujibu kwanza wewe. Anzia hapo hapo kwenye beseni. Unapofua, sema kwa sauti ya chini unachokifanya: nafua shati la mtoto, kola ni chafu, maji yameisha, naenda kuchota. Kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Neno usilolijua liache, endelea. Usiku kabla ya kulala muulize mtoto maneno mawili uliyoyakosa. Watoto wanapenda sana kumfundisha mzazi, na wewe unawapa heshima. Usimwombe akufundishe lugha nzima, atachoka. Maneno mawili tu.

Sasa kwa wengine, kuna mambo ya somo hili la mapumziko ambayo nimeyasahihisha kwenye madaftari miaka na miaka.

Kubwa kuliko yote ni watu kuandika "I use to play football on Saturday" wakimaanisha kwamba huwa wanacheza. Si hivyo. Mazoea ya sasa ni "I usually play" au "I play" basi, inatosha. "I used to play", yenye d mwishoni, ni jambo ulilokuwa ukilifanya zamani na umeacha. Kijana anamwambia msaili "I used to sing in the choir", msaili anaelewa ameacha kwaya, kumbe juzi tu alikuwa mazoezini. Kosa hili ndilo limekaa sana kwenye vinywa vyetu, tena hata kwa walimu, kwa hiyo mtalisikia redioni na kwenye mikutano. Msiliige.

Jingine ni kucheza. Sisi tunacheza mpira, tunacheza muziki, tunacheza bao. Wao "play" wanaitumia kwa mpira, karata, bao na kupiga vyombo kama gitaa. Kuogelea, kupanda milima na kucheza dansi vinakwenda na "go": "go swimming", "go hiking", "go dancing". Karate, yoga na sarakasi ni "do". Asiyekumbuka aseme kitenzi chenyewe, "I swim", "I dance", hatakosea.

Na matamshi. Kiswahili mkazo wake umetulia, silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza mkazo unahama. Chukua neno la picha, maana wageni wote wana kamera: "photograph" mkazo uko mwanzoni kabisa, "photographer" umehamia silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Mkazo ukikaa pasipo pake, mgeni anaweza asikuelewe hata kama kila herufi umeitamka.

Mgumu wa Marangu

Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana kwa hilo la "used to", nitalifanyia kazi.

Naomba msaada. Sisi kule Marangu wageni wanalala kwenye nyumba za mbao, njia nyingine wanalala mahema. Mgeni nikimtajia hiyo nyumba anashika kofia yake. Imetokea kwa zaidi ya mgeni mmoja. Tatizo liko wapi?

Mwl. Mstaafu Tengeru

Marahaba kijana. Tatizo ni irabu. Sisi tuna tano tu, wao wana nyingi kuliko herufi zao za irabu. "Hat", "hut" na "heart" wewe unazitamka zote sawa, wao wanasikia tatu. Ya kofia fungua mdomo upana, ulimi mbele, sauti iko kati ya a yetu na e yetu. Ya nyumba ni fupi sana, mdomo haufunguki wote, ni kama umeguswa tumboni kidogo. Ya moyo ni ndefu, ivute. Zitamke tatu kwa kufuatana huku mwenzako akiwa amekupa mgongo, akuoneshe kwa kidole ni ipi. Akipatia, umefika.

Hali ni hiyo kwa "live" na "leave". Ukisema unaishi Moshi ukavuta i, wamesikia unaondoka Moshi.

Mjukuu wa Kimandolu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mpaka hapa, na niseme tu hili la kuhadithia habari zetu wenyewe limeniingia. Bado nasimama palepale kuhusu kasumba. Lakini nina swali: vitabu? Mtoto wa mdogo wangu anapenda kusoma na pesa ya kununua hakuna.

Mwl. Mstaafu Tengeru

Marahaba. Mpeleke maktaba ya mkoa, ya Arusha ipo na ya Moshi ipo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Achukue vitabu ambavyo ukurasa mzima una maneno magumu machache sana. Kitabu cha kufungua kamusi kila mstari kitamchosha na atakichukia. Kwenye simu ipo Wikipedia ya Kiingereza chepesi, imeandikwa kwa sentensi fupi na maneno ya kawaida. Atafute huko timu anayoipenda, au Mlima Kilimanjaro, asome kitu ambacho tayari anakijua. Akishasoma, afunge simu, aandike anachokumbuka.

Fundi Cherehani Ngarenaro

Nawasalimu wote. Mimi ni mdada, nashona, nina wateja wazungu wanaokuja kushonesha vitenge. Nimepata ujasiri nimeandika, naomba mnisahihishe. Mnisamehe kama ni fupi.

"On Sunday I use to rest at home. My sister come and he help me to plait my hair. We listen music. Last month we have gone to Chemka with our friends. It was very nice."

Kijana wa Rau

Dada hongera sana, na umeandika mbele za watu wote, hilo ni kubwa.

Kwa sheria yetu nachukua aina moja tu, vitenzi. "I use to rest" mwalimu ameshaitolea maelezo: "I usually rest". Dada yako ni mmoja, kwa hiyo kitenzi kinabeba s: "comes", "helps". Mwezi uliopita umepita, "we went". Basi kwa leo.

Sasa niachie nikuulize, maana sentensi yako ya mwisho imenikatisha utamu. Umesema Chemka, ile chemchemi, ilikuwa nzuri sana, nimeamini, lakini sijaona kitu. Mlifikaje, mlipita Boma Ng'ombe? Maji yalikuwaje? Nani aliogopa kuingia? Ile kamba ya kurukia mliigusa? Mlikula nini? Futa hiyo "very nice", uweke majibu mawili tu hapo.

Mama Wawili Kijenge

Dada fundi umenipa moyo. Naongezea kidogo kwa ruhusa ya mwenye uzi: huyo dada yako umemwita "he". Mwanangu ananikamata hapo kila siku. Kwetu wote ni yeye, kwa hiyo mdomo unateleza. Yeye amenifundisha kabla ya kusema nimwone mtu mwenyewe machoni kwanza, halafu ndio niseme. Inanisaidia.

Fundi Cherehani Ngarenaro

Asante kaka, asante mama. Sijui ile kamba inaitwaje kwa Kiingereza, ndio maana niliiruka.

Dereva wa Sakina

Usiruke kitu kwa kukosa jina lake dada. Kieleze. Kamba imefungwa kwenye mti, unaishika, unaruka majini. Maneno yote hayo unayajua: "a rope on a tree, you hold it and jump into the water". Mgeni mwenyewe atakutajia jina, na hutalisahau tena. Mimi nusu ya majina ya ndege nimeyapata hivyo, naelezea mdomo, miguu na rangi, mgeni anafungua kitabu chake ananionyesha.

Fundi Cherehani Ngarenaro

Nimerudia. Nimekaa nayo jana usiku baada ya kufunga kazi.

"On Sunday I usually rest at home. My sister comes and she helps me to plait my hair. We listen to music. Last month we went to Chemka with our friends. The water was so clear, I saw the roots of the tree and small fish near my feet. There is a rope on a tree. My sister held it and jumped. I waited a long time, then I jumped also."

Mwl. Mstaafu Tengeru

Binti yangu, hii imekaa vizuri. Nimeiona mizizi na nimewaona samaki. "Listen to" umeirekebisha mwenyewe bila kuambiwa, nimeona. Sasa iseme kwa mdomo bila karatasi, ujirekodi kama dereva alivyoelekeza.

Mgumu wa Marangu

Dada safi sana. Kwa wa Moshi, Jumapili hii tukutane saa ile ile, mvua ikinyesha tutaingia barazani. Kila mtu aje na daftari lake na penseli. Mama Wawili, wadada wa kwaya wanafanya zoezi hili siku ya mazoezi yao kabla ya kuanza kuimba, dakika chache tu na watoto wanakuja nao. Huko kwenu ulizia kwaya ya karibu, wengi watakubali.

Na dada fundi, zamu yangu kuuliza, ujibu hapa hapa: "Why did you wait a long time? What did your sister say to you from the water?"